Kuwaficha Wazee Wagonjwa wa Akili: Je, Ni Sitara?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemleta mwanadamu duniani akiwa dhaifu, akampa nguvu, kisha akamrejesha kwenye udhaifu na mvi. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Ama baad. Katika darsa zetu hapa Kitale, na katika zile za ndugu zetu wa Bungoma, suali moja limekuwa likirudi, na kila lirudipo huulizwa kwa sauti ya chini, mwulizaji akingoja kwanza wenziwe watoke. Suali ni hili: mzazi akiwa mzee, akapatwa na maradhi ya akili, au na huzuni isiyomtoka, au na usahaulifu uliopita mpaka, je, lililo bora ni kumsitiri ndani watu wasijue, au kumtoa apelekwe kwa tabibu hata kama watu watajua? Tumeona ni wajibu kulijibu mbele ya watu wote, kwa kuwa kulijibu kwa kunong'ona ni kukubali nusu ya kosa tunalotaka kuliondoa.

Wanaouliza si wana waovu. Wengi wao humlisha mzazi, humwosha, na humbadilisha nguo kwa mikono yao. Lakini akija mgeni, mlango wa chumba hufungwa. Na akiuliza khabari za mzee huambiwa amelala, au ana homa, au amekwenda Mumias kwa jamaa. Wanachelea maneno ya watu. Mabinti watakosa waume, kwa kusemwa kuwa ukoo wao una wazimu. Majirani watasema mzee alikula mali ya yatima na sasa inamrudi. Jina la nyumba iliyotoa maimamu na walimu litaharibika. Na wakiulizwa sababu, hujibu kwa hadithi iliyo sahihi, yenye maana kwamba amsitiriye Mwislamu, Mwenyezi Mungu naye atamsitiri duniani na Akhera. Basi hoja yao ni hoja ya dini, na hoja ya dini haijibiwi kwa kicheko. Hujibiwa kwa dini.

Tuanze na neno lenyewe. Kinachositiriwa ni aibu. Na aibu, kwa mizani ya sharia, hufuata hiari ya mtu. Mtu hulaumiwa kwa alichokichagua, ilhali angeweza kukiacha. Mlevi amechagua kikombe chake, na mwizi amechagua usiku wake. Hawa ndio ambao tumeamrishwa kuwasitiri maadamu hawakudhihirisha maovu yao, ili wapate njia ya kutubia. Ama kipofu hana aibu ya upofu, wala kiwete hana aibu ya mguu wake. Hakuna aliyewahi kumficha baba yake kwa sababu ana mtoto wa jicho. Watu humshika mkono mchana kweupe wakampeleka kutolewa. Sasa tuulize: kiungo kilicho kichwani, ambacho ndicho chombo cha akili, kikiugua, kimetenda dhambi gani ambayo jicho halikuitenda?

Na sharia yetu haikuliacha jambo hili tulikisie. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyeondokewa na akili mpaka imrudie. Mwanachuoni yeyote huitaja hadithi hii katika mlango wa taklifu, kisha hupita. Lakini tukisimama hapo kidogo tutaona lililo ndani yake. Mgonjwa wa akili amewekwa safu moja na mtoto mchanga na mtu aliyelala. Nani humwonea haya mtoto wake mchanga? Nani humficha mtu kwa kuwa amelala? Ikiwa kalamu ya Malaika imekataa kumwandikia mzee huyu chochote, ni kalamu ipi hiyo tunayomwandikia sisi?

Tena ipo khabari ya yule mwanamke, aliyoisimulia Ibn Abbas (R.A.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Alikuwa na maradhi ya kifafa, akianguka nguo zikimfunuka. Alimwendea Mtume (S.A.W.), akamweleza maradhi yake kwa ulimi wake, akamtaka amwombee. Alipopewa hiari kati ya kusubiri na kupata Pepo, au kuombewa apone, alichagua kusubiri. Ila aliomba dua moja, asiwe akifunuka anapoanguka. Mtume akamwombea. Tazameni, ndugu zangu, jinsi mama huyu alivyotenganisha mambo mawili ambayo sisi tumeyachanganya. Mwili wake alitaka usitiriwe. Maradhi yake hakuyaficha. Aliyasema, na aliyasema kwa mtu aliyemjua kuwa aweza kumfaa.

Hapo ndipo tunapopata mizani ya kupimia. Sitara ya kweli humfaa anayesitiriwa; kificho humfaa anayeficha. Basi kila mwana na ajiulize akiwa peke yake: mlango huu nilioufunga, ni nani anayepata raha kwa kufungwa kwake? Ikiwa ni mama, kwa kuwa hataki watoto wa jirani wamwone nywele wazi, hiyo ni sitara na ina thawabu. Ikiwa ni mimi, kwa kuwa nachelea mazungumzo ya sokoni, basi hapo nimejisitiri nafsi yangu kwa kumfunika mama yangu kama blanketi, naye chini yake anakosa pumzi.

Wala kumpeleka mgonjwa kwa tabibu hakuvunji sitara. Wahenga walisema: siri ya maiti aijuaye mwosha. Sote twakubali kuwa mwosha lazima aione maiti, na kwamba ni amana juu yake asitoke akayasema aliyoyaona. Hakuna aliyekataa baba yake aoshwe kwa kuogopa macho ya mwosha. Tabibu naye ana amana kama hiyo, na kazi yake inamtaka aitunze. Basi ajabu gani hii, kwamba twamwamini mwosha kwa wazazi wetu wakiisha kufa, na hatumwamini tabibu wakiwa wangali hai?

Hayo ndiyo majibu ya hoja ya sitara. Zimebaki shubha tatu ambazo watu huzitegemea.

Shubha ya kwanza ni ya wale wasemao kuwa huzuni na wasiwasi ni udhaifu wa imani. Kwamba mzee aliyesali miaka sitini akilalamika kifua kimembana, ameidhihirisha kasoro ya dini yake, na dawa yake ni kuongeza nyiradi. Nasi twasema: nyiradi ni kheri, na moyo wa Muumini hutulia kwa kumtaja Mola wake. Lakini aliye na haki zaidi ya kusifiwa kwa imani ni Mitume. Nabii Yaqub (A.S.) alihuzunika kwa kumkosa mwanawe mpaka macho yake yakaingia weupe. Na alipoisikia harufu ya Yusuf kwa mbali, alichelea watu wa nyumbani kwake watasema kuwa amepotewa na akili kwa uzee. Na kweli wakamjibu kuwa yungali katika kosa lake la kale. Khabari hiyo imo katika Suratu Yusuf, twaisoma kila mara, lakini ni wangapi wetu wamezingatia kuwa Qur'ani imetuonyesha Nabii mzee anayedhaniwa kuwa amepungukiwa na akili na jamaa zake mwenyewe? Na Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, mwaka ule uliitwa Mwaka wa Huzuni. Alikuwa akijikinga kwa Mola wake na hamu na huzuni, na akijikinga na kurudishwa kwenye umri ulio duni. Lau mambo haya yangekuwa dalili ya imani haba, asingetufundisha kuyaombea kinga. Mtu hujikinga na baa, na baa humpata mwema kama limpatavyo mwovu.

Na zaidi ya dua alitufundisha tiba. Bibi Aisha (R.A.) ilikuwa akipatwa na msiba katika jamaa zake huamuru ipikwe talbina, nayo ni uji wa shayiri, akisema amemsikia Mtume akieleza kuwa humtuliza mgonjwa moyo na kumwondolea baadhi ya huzuni. Basi huzuni ilitafutiwa kitu cha kuingia tumboni, katika nyumba ya Mtume mwenyewe, wala hakuna aliyesema kuwa uji ule unashindana na tawakuli.

Shubha ya pili husemwa na wazee wenyewe: uzee hauna dawa. Nao wana asili ya kutegemea, kwani katika hadithi iliyopokewa kwa Usama bin Sharik, Mtume (S.A.W.) aliwaamuru watu wajitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Lakini soma vizuri. Kilichotolewa katika dawa ni uzee wenyewe. Hakikutolewa kila kinachompata mzee. Mzee akivunjika mguu, hatuachi kuufunga kwa kuwa yeye ni mzee.

Na matabibu wametubainishia kuwa mengi tunayoyaita uzee siyo uzee. Mzee aliyekuwa na akili timamu juzi, leo akaweweseka, asijue usiku na mchana, akawaita watu waliokwisha kufa, yawezekana ana malaria, au maambukizo ya njia ya mkojo, au amepungukiwa na maji mwilini, au sukari yake imeshuka, au amechanganya dawa za presha na dawa alizonunua dukani. Hayo hutibika, na akili ikarudi; lakini yanataka haraka, na siku tatu za kungoja zaweza kumuua. Mwingine huonekana msahaulifu, hali ugonjwa wake ni huzuni nzito, ile ambayo siku hizi huitwa sonona. Huzuni ya mzee mara nyingi haitoki kwa machozi. Hutoka kwa maumivu ya mgongo yasiyoonekana chanzo, kwa kukataa chakula, kwa kuamka saa tisa za usiku asilale tena, kwa kuacha kwenda msikitini mtu aliyekuwa hakosi Alfajiri. Zipo dawa zake, nazo huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Anayeziacha siku ya tano asiseme kuwa hazifai. Ama ule usahaulifu unaozidi mwaka baada ya mwaka, haujapatiwa dawa ya kuuondoa. Lakini una namna za kumpunguzia mgonjwa dhiki na kuwafundisha wanaomlea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nao, na zaidi ya nusu yao wakikaa katika nchi zisizo na utajiri mkubwa. Mzee wetu si peke yake, wala nyumba yetu haikuchaguliwa kwa laana.

Shubha ya tatu ni ya majini. Sisi hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani aliyewakanusha amekanusha Qur'ani. Wala hatukatazi kumsomea mgonjwa. Kusoma ni Sunna, na mwana anayemsomea baba yake Fatiha na Muawidhatain kwa mkono wake mwenyewe amefanya jema. Tunalolikataa ni biashara. Tunamkataa anayekuja na kitabu cha nyota, akamwuliza mzee jina la mama yake, akataka mbuzi wa rangi fulani na maelfu ya shilingi, kisha akawaambia watoto kuwa pepo hataki dawa za hospitali. Neno hili la mwisho ndilo baya kuliko yote. Aliyeomba mbuzi amechukua mbuzi. Aliyezuia dawa amechukua muda, na muda wa mgonjwa haununuliki. Hukumu ya kuwaendea wapiga ramli inajulikana, sala ya siku arubaini imo hatarini. Basi yule aogopaye doa juu ya jina la ukoo, na asiogope doa juu ya sala zake, amepima kwa mizani gani?

Baada ya shubha hizi, insafu yatutaka tuseme kuwa hofu ya wazee wetu haikutoka hewani. Ina historia. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910 katika enzi ya Waingereza, na haikufunguliwa kwa jina la hospitali. Ilikuwa nyumba ya kuwafungia wendawazimu. Kwa miaka mingi Mwafrika aliyepelekwa huko alipelekwa kama afungwavyo mtu, na jina la mahali likageuka kuwa tusi mpaka huku kwetu. Mzee mwenye miaka themanini leo alikulia katika zama zile. Ukimwambia neno hospitali ya akili, yeye haoni kitanda na tabibu, huona kufuli. Ni dhuluma kumcheka. Yapasa kumweleza kwa upole kuwa mambo yamebadilika: kwamba wagonjwa wengi wa namna hii hutibiwa wakaenda zao nyumbani siku ile ile, kwamba kwa kuanzia hahitaji Nairobi, yatosha kumwona tabibu katika hospitali za rufaa za Kitale au Bungoma, na likihitaji zaidi ipo Hospitali ya Moi mjini Eldoret yenye sehemu maalumu ya maradhi haya, na kwamba sheria ya afya ya akili ya mwaka 1989, iliyorekebishwa mwaka 2022, inamtambua mgonjwa kuwa ni mtu mwenye haki zake.

Na sisi Waislamu tuna jambo jingine la kuwaeleza. Tiba ya akili si mila ya Mzungu tuliyoletewa kwa meli. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, yaani 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi pamoja, akabainisha kuwa ipo huzuni yenye sababu inayojulikana, na ipo huzuni isiyojulikana sababu, ambayo asili yake imo mwilini. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga Kairo hospitali kubwa ya wakfu, na miongoni mwa waliowekewa mahali humo walikuwa wagonjwa wa akili. Huko Halab, mwaka 1354, ilijengwa hospitali ya Arghun, yenye nyua na maji yanayotiririka kuwatuliza wagonjwa hao. Wazee wetu wa kale walitoa mashamba yao wakfu ili mwendawazimu apate kusikia sauti ya maji. Sisi twamfungia chumba cha nyuma, pamoja na magunia ya mahindi.

Katika nchi yetu hii ya magharibi kuna sababu nyingine ya kutonyamaza. Kati ya mwaka 2006 na 2008, Mlima Elgon uliwaka moto. Kundi la SLDF liliua, likakata watu masikio, likawafukuza wengi kwenye mashamba yao. Kisha Machi 2008 jeshi la serikali likapanda mlimani, na wanaume waliokamatwa humo wako ambao hawakurudi hata leo. Watu waliteremka kwa maelfu, wengine wakakimbilia Kimilili, Bungoma na Kitale. Aliyekuwa na miaka hamsini wakati ule, leo anakaribia sabini. Wapo akina mama ambao waume zao walichukuliwa, hawakuletewa maiti wala barua. Fiqhi yetu ina jina la mume wa namna hiyo: mafqud, aliyepotea, na mafaqihi wameandika kurasa nyingi juu ya lini mkewe akae eda. Lakini nani amekaa na mama huyo akamwuliza analalaje? Hana kaburi la kuzuru. Akisikia mlango ukigongwa usiku, moyo wake hurudi mwaka 2008. Watu wa mtaani humwita mama mwenye hasira, au mama wa mawazo, na yeye mwenyewe hajui kuwa hali yake ina jina na ina matibabu. Hili ni jeraha, na jeraha la miaka mingi haliponi kwa kufunikwa.

Sasa tuseme na wazee wenyewe, kwa adabu inayowastahiki. Enyi baba zetu na mama zetu, twafahamu ugumu wenu. Mtu aliyeombwa shauri maisha yake yote huona uzito kuwa yeye ndiye mwenye kuomba. Miongoni mwa Wabukusu yupo mzee anayesimama baada ya mazishi akawaliwaza watu kwa maneno ya hekima, naye huitwa omuswala kumuse. Ama hukumu ya desturi yenyewe si mada yetu leo. Tunalotaka kulisema ni kuwa mzee wa namna hiyo, na kadhi, na imamu, na mwalimu wa chuo, wote wamezoea kumtuliza kila mtu, na hakuna aliyewafundisha neno la kusema siku watakapohitaji kutulizwa wao. Tunawaambia: kusema ni kheri. Ayub na Yaqub walimlalamikia Mola wao, na malalamiko yao hayakuwatoa katika subira. Mama yule mwenye kifafa alikwenda akasema. Wahenga nao walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Mzee anayesema, "Mwanangu, kifua changu hakiko sawa, nipeleke," hajashuka daraja. Amewafundisha wanawe somo la mwisho, nao watalihitaji watakapokuwa wazee.

Na mzee akikataa? Hapa yataka utambuzi. Maadamu akili yake ipo, ana haki ya kushauriwa na kukubali; hafai kudanganywa kuwa anapelekwa sokoni kumbe ni hospitali, wala kutiliwa dawa kwa siri katika uji wake. Siku atakapogundua, hatakunywa tena uji kwa mkono wa mwanawe, na uaminifu ukishavunjika ni mgumu kuunga kuliko akili. Aombwe na yule ampendaye zaidi, aombwe tena kesho, na rafiki yake wa zamani aitwe. Ama akili ikiwa imeondoka, au akawa ni hatari kwa nafsi yake, hapo mlezi hutenda kwa niaba yake kama atendavyo kwa mtoto, kwa huruma na bila kamba.

Tumetaja hatari kwa nafsi, basi tusilikwepe. Wako wazee wanaotamani kufa, na wako wanaojaribu. Kujiua ni haramu kubwa, hatubadilishi hukumu. Lakini kwa kuogopa neno hilo tumewaacha wenye fikra hizo bila mtu wa kusema naye, na sheria ya nchi nayo ilikuwa ikimtia jela aliyenusurika, mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mzee akisema, "Afadhali Mungu anichukue," asijibiwe kwa "Astaghfirullah, usiseme hivyo," kisha mazungumzo yakaisha. Aulizwe kwa upole kama amewaza kujidhuru. Matabibu wanasema kuuliza hakumtii mtu fikra hiyo, humfungulia mlango. Kisha sumu za shambani ziondolewe nyumbani, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Ipo hatari nyingine ambayo kificho huizidisha. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na umati uliowatuhumu uchawi. Na Pwani, katika kaunti ya Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma hiyo hiyo mara kwa mara. Hatusemi kuwa waliouawa walikuwa wagonjwa. Twasema hivi: mzee mwenye ugonjwa wa usahaulifu hutoka usiku, huingia nyumba isiyo yake, huzungumza na asiyeonekana. Jirani asiyeambiwa kuwa huu ni ugonjwa atautafutia jina mwenyewe, na jina lililo karibu na ulimi wake ni uchawi. Mwana aliyeficha maradhi ya mama yake kwa kuogopa maneno amewaachia majirani neno baya kuliko lile aliloliogopa. Lau angewaambia mapema, "Mama yangu anaumwa, mkimwona njiani mrudisheni," wangekuwa walinzi wake.

Basi yatupasa nini? Wana na wajue kuwa Mwenyezi Mungu, katika Suratul Israa, amewataja wazazi waliofikia uzee hasa, akatukataza hata kuguna mbele yao. Na ikiwa kuguna ni haramu, kumnyima tiba kutakuwaje? Wajue pia kuwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, imempa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata malezi ya jamaa na serikali. Ni aibu, na hii ndiyo aibu hasa, mzee afichwe mwezi mzima, kisha atolewe siku ya kupokea shilingi 2,000 za Inua Jamii.

Maimamu wenzangu, na tuyataje maradhi haya kwenye mimbari kwa majina yake, tunapowaombea wagonjwa, kama tunavyotaja sukari na presha. Tukiyataja mara kumi, mara ya kumi na moja mtu atayataja mwenyewe. Kila msikiti na uwe na watu wawili, mwanamume na mwanamke, waaminifu wa siri, ambao kazi yao ni kumsindikiza mzee hospitali asiyekuwa na wa kumsindikiza; mama asindikizwe na mama. Na nauli ya kwenda Eldoret isipopatikana, fakiri mgonjwa ni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Anayejenga mnara wa pili wa msikiti, hali mzee wa jirani amekosa nauli ya tabibu, na atafakari ni upi utakaomfaa Siku ya Kiyama.

Jibu letu kwa suali lililoulizwa, basi, ni hili: msitiri mzazi wako mwili wake, heshima yake, na makosa yake yaliyopita, maradhi yake usiyafiche kwa anayeweza kuyatibu, wala kwa jirani anayeweza kumlinda. Akili ni amana ambayo sharia imekuja kuihifadhi, nayo haikutuambia kuwa amana hiyo huisha mtu akifikia miaka sabini.

Ewe Mola, wahurumie wazazi wetu kama walivyotulea tungali wadogo. Waponye wanaougua, watulize waliohuzunika, warejeshee khabari waliopotelewa na wapenzi wao. Utujaalie uzee wenye akili na utiifu. Na ukitukadiria kinginecho, utupe watoto watakaotushika mkono mchana kweupe.

Amin.